Mtu anayefaa urais: nionyesheni kwanza ofisi aliyowahi kuikabidhi

#1 MkaziWalukuba (Jinja)

Salaam wazee, salaam vijana.

Tangu kampeni zianze hadi kura za Januari 2026 zikapita, nimesoma mabishano mengi kuhusu nani ana sifa za kuwa rais wa Uganda. Karibu yote yanahesabu jinsi mtu alivyopanda: shahada zake, vita alivyopigana, miaka aliyokaa bungeni, umati uliojaa uwanjani. Swali langu silioni likiulizwa. Huyo mtu aliwahi kushuka? Aliwahi kushika kitu chenye fedha au amri, hata kama ni uenyekiti wa steji ya boda au uhazini wa SACCO, muda wake ukaisha au akashindwa kura, akakabidhi vitabu mbele ya watu, na mkutano uliofuata akaja akaketi nyuma kama wengine?

Kwangu hiyo ndiyo shahada.

Sababu ninayo. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 mpaka leo, hakuna rais wa Uganda aliyemkabidhi madaraka mrithi aliyechaguliwa na watu. Hata mmoja. Mutesa, rais wa kwanza na Kabaka wa Buganda, alikimbia Mei 1966 wanajeshi wakilishambulia Lubiri, kasri lake. Obote aliangushwa Januari 1971, akarudi 1980, akaangushwa tena Julai 1985, na mara zote mbili na makamanda wake mwenyewe. Amin aliondolewa na vita Aprili 1979. Yusuf Lule alidumu siku 68. Godfrey Binaisa hakumaliza mwaka. Tito Okello alipata miezi sita. Museveni akaingia Januari 1986, na mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ana miaka arobaini.

Katiba ya 1995 haitusaidii sana hapa. Ibara ya 102 inataka mgombea awe raia wa kuzaliwa na awe na sifa za kuwa mbunge, maana yake awe amemaliza S.6 (kidato cha sita) au elimu inayolingana nayo. Palikuwa na umri, miaka 35 hadi 75. Bunge likaufuta Desemba 2017 kwa kura 317 dhidi ya 97. Palikuwa na ukomo wa mihula miwili, ulifutwa 2005. Kilichobaki ni saini za wapiga kura mia moja kutoka kila wilaya katika theluthi mbili ya wilaya zote, na shilingi milioni 20 zisizorudishwa. Tabia ya mtu haimo humo.

Na msinitajie elimu. Ni kweli Amin asingepita kipimo cha S.6. Lakini Lule alikuwa profesa aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, na Binaisa alikuwa wakili aliyefikia cheo cha QC, wakili mwandamizi wa Malkia, enzi za Waingereza. Elimu yao haikuwasaidia kukaa, wala haikuwasaidia kuondoka vizuri.

Mtu pekee aliyeongoza serikali ya nchi hii, akashindwa kura, akaondoka, hakuwahi hata kuitwa rais. Ni Benedicto Kiwanuka. Alikuwa askari kwenye Vita Kuu ya Pili, akawa karani mahakamani, akaenda London kusomea sheria akiwa mtu mzima. Chama chake cha DP kilishinda 1961, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Aprili mwaka huohuo chama cha UPC cha Obote kikaungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, naye Kiwanuka akashindwa. Sababu za kugoma alikuwa nazo tele: wabunge wa Buganda hawakupigiwa kura na wananchi, walichaguliwa na Lukiiko, baraza la Buganda. Mtu mwingine angeingia msituni kwa hilo. Kiwanuka aliondoka ofisini, na bendera ya uhuru ikapandishwa miezi mitano baadaye mwingine akiwa kwenye kiti chake.

Miaka kumi baadaye, akiwa Jaji Mkuu, aliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi aachiliwe kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kumshikilia. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin wakamchukua Mahakama Kuu mchana kweupe. Hakuonekana tena. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia kwamba anayekubali kushuka ni mwoga.

Haya, nimeanzisha. Nani mwingine?

#2 Afande_Mstaafu (Bombo)

Mzee wa Walukuba, umeandika kwa ufasaha, lakini unaandika kama mtu asiyewahi kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani usiku mwaka 1985. Kiwanuka alikuwa mtu mwema. Alikufa. Sifa ya kwanza ya rais wa nchi hii ni kujua bunduki iko mikononi mwa nani usiku huu.

Chukua hao wasomi wako wawili. Lule aliwekwa na mkutano wa Moshi, Tanzania, Machi 1979, mkutano wa vikundi zaidi ya ishirini. Jeshi halikuwa lake. Kampala yenyewe ililindwa na Watanzania. Akaanza kubadilisha mawaziri bila kuliuliza Baraza la Mashauriano lililomweka. Siku 68, kama ulivyosema. Akaja Binaisa. Mei 1980 akataka kumtoa Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi ampeleke Algeria kuwa balozi. Alidhani karatasi yenye saini ya rais inatosha. Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamfungia ndani ya ikulu ya Entebbe, habari yake ikaishia hapo.

Ibara ya 98 ya hiyo Katiba inasema rais ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Kazi ya tatu ikimshinda, mbili za mwanzo hatazifanya. Mimi humtazama mtu kama aliwahi kupewa askari akawarudisha kambini wote, wakiwa na nidhamu, bila kuku wa mtu kwenye mabegi yao. Hayo mengine ya kushuka tutayaona baadaye.

#3 MkaziWalukuba (Jinja)

Afande, heshima yako. Sina ugomvi na hoja ya bunduki. Ninachokataa ni kudhani kwamba kulijua jeshi kunatosha. Obote alilijua jeshi kuliko Lule na Binaisa ukiwaweka pamoja, na bado lilimtoa mara mbili. Tutazame kwa nini, maana hapa pana somo kubwa kuliko la Katiba.

Mwanzoni mwa 1962 kikosi cha KAR, jeshi la wakoloni, chini ya Luteni Idi Amin kilipelekwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuzuia wizi wa ng'ombe. Watu waliuawa. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana wengine waliteswa kabla ya kufa. Gavana Walter Coutts akamuuliza Obote, ambaye ndiyo kwanza ameshika uwaziri mkuu, kijana huyu afanyweje. Maofisa Waafrika jeshini walikuwa wa kuhesabika na uhuru ulikuwa miezi michache mbele. Obote akashauri aonywe vikali, aendelee na kazi.

Mkae na jambo hilo kidogo. Ofisa unayemhitaji. Kosa limetokea mbali. Waliouawa hawapigi kura kwako, wala hawana ndugu kwenye baraza lako. Kumwadhibu kutakugharimu, kumsamehe hakukugharimu kitu wiki hiyo. Hapo ndipo unapomjua kiongozi, kabla hajawa na king'ora na msafara.

Mwaka 1966, mwezi wa Februari, mbunge Daudi Ocheng akasimama bungeni na habari za akaunti ya benki ya Amin, akitaka uchunguzi wa dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Bunge likakubali. Obote hakumsimamisha kamanda. Tarehe 22 Februari aliwakamata mawaziri wake watano wakiwa kwenye kikao cha baraza, akaisimamisha Katiba, na Amin akapanda kuwa mkuu wa jeshi. Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, mtu huyohuyo akachukua nchi.

Kwa hiyo naongeza swali la pili kwenye lile la kushuka: mtu wake alipokosea, alimfanya nini? Hilo unaweza kulichunguza hata kwa meya, hata kwa mkuu wa shule ya msingi ya hapa Walukuba, miaka ishirini kabla hajafikiria urais.

#4 Binti_Arua

Nimesoma Amin, Amin, Amin. Mimi kwetu ni njia ya Koboko, kwao Amin, niacheni na mimi niseme.

Mnasahau kwamba Januari 1971 Kampala ilishangilia. Watu walicheza barabarani. Na walimpenda kwa tabia hasa! Bingwa wa ndondi wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960, mcheshi, mpiga ngoma, anaongea na kila mtu Kiswahili cha kambini bila kujikweza. Ukimlinganisha na Obote aliyekuwa amenuna, huyu alionekana binadamu. Basi wale mnaopima rais kwa jinsi anavyocheza jukwaani na kula muhogo wa kuchoma kando ya njia, jueni kwamba kipimo hicho tulishakitumia.

Agosti 1972 akawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba alikuwa mzalendo. Sawa. Lakini aliyekuwa hajawahi kuendesha hata kibanda aligawa maduka na viwanda vya nchi nzima kwa askari na marafiki. Mafuta mingi, ndivyo walivyoitwa waliogawiwa, wakauza kilichokuwa kwenye rafu, rafu zikabaki tupu. Tulikuwa na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, nchi ikiuza sukari nje, lakini sukari ikawa ya magendo. Hapo ndipo ujuzi ulipokosekana: hakujua kwamba duka lina mtu anayelijaza.

Na bili ililetwa kwetu. Utawala ulipobadilika, askari wa serikali mpya walikuja West Nile kulipiza. Juni 1981 pale Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliwaua watu waliokimbilia misheni. Wengi wetu tulikulia Sudan na Zaire. Wale waliouawa hawakumpigia Amin kura, hakuna mtu aliyempigia kura. Sasa mkiniuliza mimi sifa ya rais, nauliza: huyu akishika nguvu, watu wasio wa kwao watalala usingizi? Na siku akiondoka, wa kwao watalala?

La mwisho. Mzee wa Walukuba, orodha yako yote ni ya wanaume. Specioza Kazibwe, daktari wa upasuaji, alikuwa Makamu wa Rais tangu 1994. Mwaka 2003 akajiuzulu, akaenda Marekani kusoma. Huyo si ameshuka? Mbona hukumhesabu? Wagombea urais wanawake wamekuwepo uchaguzi baada ya uchaguzi: Miria Obote 2006, Beti Kamya 2011, Maureen Kyalya 2016, Nancy Kalembe 2021. Safari hii wagombea wanane, hata mwanamke mmoja hakuna. Tena ukitaka watu wenye mazoea ya kukabidhi vitabu, njoo kwenye vikundi vya akina mama vya kuweka akiba. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote, fedha zinahesabiwa kwa sauti, mwaka ukiisha mgao unafanywa na mhazini mpya anachaguliwa. Wanaume wa steji yenu ya boda wanafanya hivyo?

#5 KijanaWaSteji (Kireka)

Steji yetu mwenyekiti ni yuleyule tangu nikiwa shule 😂 Mama Arua umetupiga pabaya.

Lakini wazee, naomba kuuliza. Mimi rais mwingine sijawahi kumwona, hata baba yangu alikuwa mtoto. Hizi sifa za uzoefu zinatufungia sisi mlango. Uzoefu wa ikulu anao mtu mmoja tu. Ukisema tuchague mwenye uzoefu, unanitajia jina. Je, Kyagulanyi, yule Bobi Wine wa upinzani, kwa mtihani wenu anapita au anaanguka?

#6 Mwana_Kiboga

Nasoma uzi huu nashangaa. Mmezunguka Turkana na Moshi na Ombaci, mkifika 1986 mnaruka. Sisi tuliokuwa Luwero wakati wa vita vya msituni tunajua nchi ilivyokuwa.

Mnataka mtu wa kushuka. Mimi nataka mtu anayeweza kuambiwa habari mbaya na asimfukuze aliyezileta. Mwaka 1986 serikali changa ilipeleka askari 60 Cuba kwa mafunzo. Fidel Castro akamwambia Museveni uso kwa uso kwamba 18 kati yao wana virusi vya UKIMWI. Jeshi ndilo lililomweka madarakani! Marais wengine wa wakati huo walikuwa wakisema ugonjwa ule ni uzushi wa Wazungu, haupo kwao. Huyu alirudi akaanza kusema redioni na mikutanoni, kijiji kwa kijiji, akiongea mambo ambayo wazee waliona aibu kuyasikia. Waziri wake wa afya, Rugunda, alikwisha kusimama Geneva mwaka huohuo akakiri mbele ya dunia kwamba Uganda inao. Maisha yaliyookolewa kwa tabia hiyo hamwezi kuyahesabu.

Uchumi vilevile. Waliingia wakiamini bei za kupangwa na serikali na kubadilishana kahawa kwa mashine. Mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 200 mwaka 1987, shilingi ikakatwa sifuri mbili. Wataalamu wa uchumi kama Mutebile wakabishana naye, wakabishana naye tena, hatimaye akakubali asichokipenda. Katikati ya miaka ya 1990 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10. Kiongozi anayebadili mawazo baada ya kushika madaraka ni wachache sana. Hilo nalo liandikeni.

#7 MkaziWalukuba (Jinja)

Mwana wa Kiboga, hayo ni ya kweli na nafurahi umeyaleta wewe, kwa sababu mtu wa upande wangu angeyapunja. La UKIMWI hasa. Nakubali kwamba kupokea habari mbaya ni sifa ya juu, pengine iko juu ya kuijua bunduki.

Ila tuifuate sifa hiyohiyo mpaka mbele. Mei 2003 mjadala wa kuondoa ukomo wa mihula ulikuwa umepamba moto. Waliosema hapana ndani ya baraza walikuwa Eriya Kategaya, rafiki yake wa tangu utotoni, Bidandi Ssali na Miria Matembe. Nao walileta habari mbaya. Baraza jipya lilipotangazwa, majina yao hayakuwemo. Na hoja yao ilikuwa ileile aliyoisema yeye mwenyewe miaka ya 1980, alipowalaumu viongozi wa Afrika wanaong'ang'ania kiti.

Kwa hiyo mtu wa 1986 na mtu wa 2003 ni mmoja, lakini masikio si yale. Ndiyo maana sitaki kutegemea tabia peke yake. Tabia ya mtu inachakaa, hasa akizungukwa na watu ambao mkate wao unatoka kwake. Anayejua kushuka anatupa nafasi ya kupata masikio mapya kabla ya kutokea hilo.

Binti Arua, Kazibwe namwongeza kwenye orodha bila ubishi. La West Nile sina cha kujibu, nimelisoma mara mbili.

Kijana wa Steji: Kyagulanyi hajaufanya mtihani huo bado. Kiti cha ubunge cha Kyadondo Mashariki alikipata 2017, akakiacha 2021 kwa kuwa alikuwa anatafuta kikubwa zaidi, hiyo mimi siihesabu kuwa ni kushuka. Chama anakiongoza tangu 2020. Tutamjua siku wanachama watakapotaka mwingine. Kwamba alikuwa mwanamuziki mimi halinisumbui hata kidogo. George Weah wa Liberia alikuwa mchezaji mpira. Walimcheka kwa elimu yake 2005 aliposhindwa na Ellen Johnson Sirleaf. Akakaa, akawa seneta, akashinda urais mwishoni mwa 2017. Mtu anaweza kumlaumu kwa jinsi alivyotawala, na Waliberia wengi walimlaumu. Lakini Novemba 2023, tofauti ya kura ikiwa haifiki asilimia mbili, alihutubia redioni akampongeza Joseph Boakai kabla hata hesabu haijafungwa. Nchi iliyotoka vitani, tofauti ndogo namna hiyo, na hakuna risasi iliyolia. Nani angemwandikia sifa hiyo kwenye wasifu wake alipokuwa Milan akifunga magoli?

#8 Wakili_Mbale

Nimekuwa nikisoma kimya. Mzee, hata hapa Uganda mtihani wako umekwisha kufanywa, ila ndani ya vyama, ndiyo maana watu hawakuuona.

Paul Ssemogerere aliiongoza DP miaka mingi, akagombea urais 1996 akashindwa, na 2005 akaachia uongozi wa chama. Kizza Besigye aliachia urais wa chama cha FDC mwaka 2012, muda wake ukiwa bado haujaisha, ili atakayefuata apate nafasi ya kujiandaa. Mugisha Muntu akachaguliwa kwa kura akimshinda Nandala Mafabi. Novemba 2017 Muntu naye akashindwa na Patrick Amuriat, akakubali matokeo palepale ukumbini. Sasa mtaniambia vyama vya upinzani ni vidogo, havina fedha wala jeshi, kushuka humo ni rahisi. Sijui. Nimeona watu wakipigana viti kwa ajili ya uenyekiti wa kamati ya mazishi.

Upande wa mali: Sheria ya Maadili ya Viongozi inamtaka kiongozi atangaze mapato, mali na madeni yake kwa IGG, Inspekta Mkuu wa Serikali, kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo mtu aliyekaa bungeni au wizarani ameshaacha alama kwenye makaratasi. Mwandishi wa habari anayejua kazi yake angeanzia hapo, sio kwenye mkutano wa hadhara.

#9 Afande_Mstaafu (Bombo)

Wakili amenichokoza kwa kumtaja Muntu. Huyo alikuwa kamanda wa jeshi kuanzia 1989 hadi 1998. Askari wengi hawakumpenda, kwa sababu moja tu: hakuruhusu watu kula kwenye majina ya askari hewa. Alipoondolewa hakukimbilia msituni, hakuanzisha kikundi. Alikwenda akawa mbunge wa kawaida wa Afrika Mashariki. Ndiyo huyo ninayemsema mimi: anaijua bunduki na anajua kuiweka chini.

Lakini tuseme yote. Alikubali kushindwa 2017, na mwaka uliofuata akatoka FDC akaenda kuunda chama kingine, ANT. Kwangu hiyo ni doa. Ukishindwa unakaa na wenzako.

Na jingine ambalo wakubwa wa elimu ya uraia hawalisemi: mtu huyo akigombea hapati kura. Wananchi wenyewe wanaomlilia mtu mwadilifu, akija bila bahasha wanamwona hana nguvu.

#10 Binti_Arua

Afande, kutoka kwenye chama bila ngumi wala mahakama si doa. Mnataka mtu akae mahali asipopatana na watu mpaka azeeke? Huko nako ni kung'ang'ania.

La bahasha umesema kweli. Huku kwetu mgombea akija na sabuni na chumvi, watu wanasema "huyu ana moyo." Chumvi ya siku tatu.

#11 Wakili_Mbale

Niongeze moja, kisha nirudi kwenye mafaili. Tunauliza watu wa kukabidhi watatoka wapi. Shule yao ilikuwepo: LC1, mwenyekiti wa kijiji, ngazi ya chini kabisa, mahali ambapo hata maskini angeweza kuchaguliwa, akatatua ugomvi wa mipaka na mbuzi, akashindwa, akarudi shambani. Baada ya uchaguzi wa 2001, uchaguzi uliofuata wa LC1 ulifanyika Julai 2018. Mwenyekiti aliyechaguliwa kijana aliingia uzeeni na cheo. Tena ulipofanyika, watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, kila mtu akionwa na jirani yake. Muda wa waliochaguliwa ukaisha 2023, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Ukiwa na vijiji makumi ya maelfu ambako hakuna anayeona kiongozi akibadilishwa, utashangaa nini juu?

#12 KijanaWaSteji (Kireka)

Sawa wakubwa, nimeelewa. Lakini 2031 nitapewa karatasi yenye sura na alama za vyama. Tuseme hakuna hata mmoja aliyewahi kukabidhi kitu. Nifanyeje, nikae nyumbani?

#13 MkaziWalukuba (Jinja)

Usikae nyumbani. Anza na chama chake kabla ya kura ya taifa. Mkutano mkuu ulipomteua kuwa mgombea, palikuwa na jina la pili? Kura ilikuwa ya siri au watu walipiga makofi tu? Aliyejaribu kushindana naye yuko wapi leo, bado ana ofisi chamani au alifukuzwa? Hayo yanajulikana, hayahitaji IGG.

Halafu watu wake wa karibu. Dereva, msemaji, shemeji anayeshika fedha za kampeni. Mmoja wao akikamatwa na kosa, msikilize anavyojibu siku hiyohiyo kabla washauri hawajamwandikia.

Na akija Kireka kuomba kura, simameni hapo steji mumuulize mbele ya kamera: mheshimiwa, utamteua nani kuwa mkuu wa majeshi, na utaondoka tarehe ngapi?

#14 Mwana_Kiboga

Na wa kwenu mumuulize vilevile. Nitakuwepo.